Unga Mweusi Katika Tangi

Eldoret,
4 Februari 1946

Kwa Mjomba Jackson Murunga, Kimilili.

Mjomba, nakusalimu sana, wewe na Mama Selpha. Mimi ni mzima. Tangu jeshi liniachilie nimepata kazi katika gereji moja hapa mjini, karibu na mto Sosiani, na watu wameanza kuniita fundi bila kucheka.

Hutaamini ni gari gani imeletwa kwangu wiki iliyopita, ikivutwa na maksai wanane kutoka upande wa Cheptiret. Ni ile boksibodi ya kijani ya Bwana Mabuti! Gari yako, Mjomba, ile uliyoiendesha miaka tisa na kunifundishia kazi. Bwana amerudi kutoka vitani akaikuta juu ya magogo ndani ya stoo, vile vile ulivyoiacha mwaka wa 1940. Rangi bado inang'aa. Yeye hanikumbuki, kwake nilikuwa kijana mmoja tu kati ya wengi wa shamba, nami sijamwambia kuwa wewe ni mjomba wangu, maana wazungu wakisikia kuna udugu katika kazi huanza kukukagua mifuko.

Shida ni kwamba petroli haifiki kwenye injini. Nilifungua kabureta nikakuta petroli ya zamani imekauka ndani kama utomvu wa mti. Nikaisafisha. Ngozi ya pampu ilikuwa imepasuka kwa ukavu, nikakata mpya. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi liko wazi. Nikatia petroli mpya, nikazungusha hendeli mara nne, ikanguruma! Watu wa gereji wakapiga makofi. Nikaitoa barabarani kwa maringo. Ilipofika darajani ikakohoa, ikazima. Nikangoja kidogo, ikawaka tena, ikaenda hatua mia mbili, ikazima.

Nilipofungua kile kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu, nilikuta unga mweusi umelala ndani. Si kutu, kutu ingekuwa nyekundu. Si mchanga, maana ni laini ukiushika. Ni mweusi kabisa.

Niambie uliiwekaje gari hii. Ulitoa petroli yote? Na ufunguo wa stoo ulibaki na nani? Bwana alifungua kwa ufunguo wake wa akiba, na anasema wako ulipaswa kubaki na nyapara, na nyapara anaapa hakuuona kamwe. Nijibu upesi, kwa sababu nimetia sahihi kuwa gari itakuwa tayari mwisho wa mwezi.

Mpwa wako,
Joseph Wepukhulu


Kimilili,
14 Februari 1946

Mpwa wangu Joseph,

Barua yako imefika, lakini imefika mdomo wazi. Gundi ya bahasha ilikuwa imebanduliwa ikarudishwa. Labda ni mvua, ingawa huku haijanyesha tangu Krismasi. Kwa hiyo naandika kama mtu anayezungumza sokoni, na yeyote anayesikiliza asikilize.

Unauliza kama nilitoa petroli. Nani anauliza, wewe au Mabuti? Nilitoa yote, tangi likabaki kavu. Kabureta sikuimaliza vizuri, hilo nakubali, ule utomvu ni kosa langu. Nilitia oili katika kila silinda nikazungusha injini kwa mkono. Nilitoa betri. Niliinua gari juu ya magogo ili matairi yasioze. Niliziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chenye mafuta ili panya wasizae humo. Nilifunga stoo tarehe 17 Aprili, na asubuhi yake mimi na wewe tukashika njia ya nyumbani, maana mama yangu alikuwa mahututi. Au jeshi limekusahaulisha na hayo?

Ufunguo nilimwachia mtu wa kuaminika. Sikumwachia nyapara, kwa sababu yule angeuza matairi kabla hatujafika Turbo. Jina la mtu huyo halitakusaidia kusafisha pampu.

Nilikufundisha nini? Petroli ikikosekana, anza kwenye tangi, uifuate inakopita, kipande kwa kipande, mpaka kwenye injini. Wewe umeanza mwisho unarudi mwanzo, kama kawaida yako. Fuata petroli, achana na watu.

Mama Selpha anauliza utaoa lini.

Mimi mjomba wako,
Jackson Murunga


Eldoret,
22 Februari 1946

Mjomba,

Bahasha ile niliilamba kwa ulimi wangu mwenyewe. Kama ilifunguliwa, mimi simo.

Nimefuata petroli kama ulivyosema, na imenipeleka kwa watu. Nilipuliza bomba lote, nikaosha jeti ya kabureta, nikaondoa unga wote kwenye kikombe. Jumanne Bwana mwenyewe aliingia, tukaelekea Cheptiret. Gari ilikwenda vizuri mpaka nikaanza kuimba. Kabla hatujafika, ikazima. Bwana alishuka akasimama juu yangu nikifungua kikombe. Unga mweusi, nusu ya kikombe! Alitia kidole, akausugua, akaunusa. Akasema, "Mkaa." Halafu akasema tena, polepole, "Mtu ametia mkaa katika tangi langu."

Mkaa, Mjomba. Mkaa hauingii ndani ya tangi peke yake. Tangi lina kifuniko cha kukaza, stoo ina kufuli, na kufuli halijavunjwa.

Bwana amekumbuka ng'ombe wako. Mimi pia nimewakumbuka. Machi 1940, alipoamuru mifugo ya wafanyakazi itolewe shambani, wako sita walifukuzwa kwa viboko hadi barabarani, na yule mweupe akavunjika mguu. Nilisimama karibu nawe. Ulisema, "Na gari yake italala njiani siku moja." Nilidhani ni hasira tu. Sasa imelala njiani mara tatu.

Nimepewa mpaka tarehe kumi ya Machi. Gari isipopona, na aliyetia mkaa asipojulikana, Bwana atapeleka neno polisi. Mimi nitafukuzwa, kwa sababu anaona najua kitu. Na kweli najua kitu.

Huyo mtu wako wa kuaminika ni nani? Au hayupo? Mjomba, ni wewe?

Jumapili nitakwenda shambani kuwauliza watu wa pale.

Joseph, mpwa wako


Kimilili,
27 Februari 1946

Joseph,

Usiende shambani. Nimeliweka hilo juu ili ulisome kwanza. Usiende, usitume mtu, usimtajie mtu habari za ufunguo.

Fanya jambo moja. Chukua unga huo kidogo, uanike juani mpaka harufu ya petroli iishe. Kisha utie katika kikombe cha maziwa ya kuganda, ukoroge, uniambie yamepata rangi gani. Usinicheke. Nijibu hilo tu.

Yale maneno ya siku ya ng'ombe niliyasema, na siyajutii. Mtu akipigiwa ng'ombe wake mbele ya mpwa wake ana haki ya kusema. Lakini gari haikunipigia ng'ombe. Gari ile niliipaka mafuta kuliko nilivyowahi kuipaka miguu yangu mwenyewe. Ulidhani ningeweza kuitilia mkaa tumboni? Miaka tisa umekula sahani moja na mimi, leo unanihoji kwa barua kama karani wa mahakama! Imeniuma, na nataka ujue imeniuma.

Litoe tangi lote, lioshe, lirudishe. Mwambie Mabuti ni uchafu wa kukaa muda mrefu. Yaishe.

J. Murunga


Eldoret,
5 Machi 1946

Kwa Jackson Murunga,

Sasa ndiyo umenitia wasiwasi kabisa. Nakuuliza mkaa umetoka wapi, unaniambia nikoroge maziwa. Unanikataza kwenda shambani. Unaniambia nimdanganye Bwana. Jeshini nilimsaidia sajini wetu kuwahoji watu walioshukiwa kuiba petroli kule Bama. Wasiokuwa na hatia walipiga kelele. Wenye hatia walitupa mashauri ya jinsi ya kumaliza jambo. Wewe unanipa mashauri.

Nilikwenda shambani. Barua yako ilifika Jumatatu, mimi nilishakwenda Jumapili, lakini hata ingewahi ningekwenda. Watu wote wamefunga midomo. Nilipotaja ufunguo, mama mmoja wa upande wa maziwa, ambao sisi wa gari hatukuuzoea, alisimama kutoka kukamua, akaacha ndoo yake chini ya ng'ombe, akaingia nyumbani mwake na kufunga mlango. Nikaelewa kuwa wote wanajua, na wote wanakuficha wewe.

Jana Bwana aliniita. Alikwisha kujua kwamba ninapata barua kutoka Kimilili. Sikumwambia mimi, na karani wa gereji hataki kunitazama usoni, kwa hiyo ya bahasha nimeyaelewa. Akaniuliza kama Murunga ni ndugu yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza unaishi wapi. Nikamwambia. Akauliza kama uliwahi kusema neno baya juu ya gari. Nikamwambia na hilo.

Ningefanya nini? Nina kipande kimoja tu cha kuombea kazi, na akiandika humo kwamba mimi ni mtu wa hila, hakuna gereji katika nchi hii itakayonipokea. Kama hukufanya wewe, sema nani alifanya. Kama ulifanya, sema ulifanya, tujue moja.

Joseph Wepukhulu


Kimilili,
12 Machi 1946

Joseph,

Huyu ni Mama Selpha anaandika. Karatasi nyingine iliyo ndani ya bahasha hii aliiandika mjomba wako Jumapili baada ya kanisa. Jumatatu askari wawili wa chifu walikuja kumchukua. Hakubishana nao. Alivaa koti lake la udereva, akafunga vifungo vyote, akaniambia nikutumie karatasi umpe Mabuti, nisiisome. Nimeisoma. Tulijifunza kusoma darasa moja kanisani, yeye husahau.

Ni uongo mtupu. Tazama tarehe anayosema alirudi kwa siri shambani kwa Mabuti. Siku hiyo tulikuwa tunamzika mama yake hapa nyumbani. Kimilili nzima ilimwona. Na wewe ulimwona, Joseph. Ulishika jeneza upande wa kushoto, yeye upande wa kulia. Umesahau?

Kwa hiyo kuna mtu anamkinga. Nilimuuliza ni nani. Akanijibu, "Mimi nina ardhi ya baba yangu hapa. Wengine wakifukuzwa hawana pa kwenda."

Mimi sijui mambo ya magari. Lakini wewe ulilelewa katika nyumba hii, na ulimtoa huyu mzee kwa mzungu kabla hujapanda lori kuja kumuuliza uso kwa uso. Nimekukasirikia sana na sitaki kukuficha.

Selpha Nekoye


(karatasi iliyokuwa ndani)

Kimilili, 10 Machi 1946

Kwa Bwana,

Mimi Jackson Murunga, aliyekuwa dereva wako, nasema haya kwa hiari yangu. Nilitia unga wa mkaa katika tangi la gari yako. Nilirudi kwa siri Jumamosi tarehe 27 Aprili 1940, nikafungua stoo kwa ufunguo wa pili niliouchonga mwenyewe. Sababu ni ng'ombe wangu. Hakuna mtu wa shambani aliyenisaidia, wala aliyeshika ufunguo, wala aliyejua. Naomba usimwondoe mtu yeyote shambani kwa ajili ya jambo hili. Niko tayari kuadhibiwa.

Jackson Murunga


Kwa mkono wa Mwalimu Paul Chelimo,
karibu na Cheptiret,
14 Machi 1946

Kwa fundi wa gari ya Bwana, Eldoret.

Mimi ni mwalimu wa shule ndogo ya kanisa hapa. Ninayeandika maneno yake ni Mama Jeruto, mkamuaji wa ng'ombe wa Bwana. Ni mjane wa Kipyego. Hajui kuandika. Ameniomba niandike alivyosema, nisipunguze. Maneno ni haya.

Fundi, mimi ndiye niliyeacha ndoo ulipokuja. Niliogopa. Tangu Kipyego afe, nakaa hapa na watoto wanne kwa sababu ya mikono yangu ya kukamua tu. Bwana amekataza watu wa maziwa kukaribia stoo zake. Akijua niliingia humo, tutatolewa siku hiyo hiyo. Lakini nimesikia kwamba Mzee Murunga amechukuliwa na askari kwa sababu gari inakataa kwenda. Nimeshindwa kula.

Ufunguo ninao mimi. Mzee alinipa asubuhi ile alipokuwa akienda kumuuguza mama yake. Alikuwa na haraka, mzigo ulikuwa begani. Aliniambia, "Jeruto, petroli ni kama maziwa, ikikaa hugeuka. Nimeitoa yote. Kazi yako ni kuangalia tangi tu, libaki zuri." Nikamwambia, hilo niachie mimi. Maziwa nayajua.

Nililitunza kama kibuyu cha maziwa. Kibuyu kikikaa bure huoza na kunuka, kwa hiyo husuguliwa ndani kwa sosiot, ile fimbo yetu yenye nyuzi, kisha hupakwa mkaa wa mti wa senetwet. Nilitafuta sosiot ndefu inayofika mpaka chini ya tangi. Mkaa niliusaga ukiwa baridi, maana Mzee alisema moto na petroli havikai pamoja. Kila mwezi mpya ulipoandama nilifungua stoo, nikalisugua tangi na kulipaka, nikafunga. Nimefanya hivyo karibu miaka sita. Hakuna aliyenituma zaidi ya Mzee, wala hakuna aliyenisaidia.

Sasa nasema kosa langu. Mwaka wa 1943 nilikuwa na mtoto mdogo anayeumwa na kifua, nikaruka miezi miwili. Sikumwambia mtu. Nafikiri tangi liliharibika miezi hiyo, ndiyo sababu gari inakataa. Mzee hana kosa. Yeye aliniamini, mimi nikaruka. Mwambie Bwana hivyo kama ni lazima. Kama si lazima, naomba usimwambie, kwa ajili ya watoto.

Ameweka dole gumba hapa chini. Mimi mwalimu nimeshuhudia.


Eldoret,
24 Machi 1946

Mjomba wangu,

Sijui nianze wapi. Barua ya Mama Selpha na ya Jeruto nilizichukua posta mwenyewe siku moja, bila kupitia kwa karani, na hii pia naipeleka mwenyewe. Niliisoma ya Mama Selpha kwanza nikakaa chini. Jeneza lile nilikuwa nimelishika, Mjomba. Halafu nikasoma ile ya mwalimu, na nililia pale gerejini mbele ya watu, na yule karani akatoka nje.

Siku hiyo hiyo nilianza kwenye tangi. Nililifungua, nikalitoa lote chini ya gari, nikamwaga kilichomo katika karai. Hata usiku hauna weusi ule. Nikatia petroli kidogo pamoja na kokoto laini, nikalitikisa, nikamwaga. Nikarudia mara kumi na moja, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nikaosha bomba, pampu, kikombe, kabureta. Kwa tochi nilitazama ndani ya tangi, na nataka ujue nilichokiona. Hakukuwa na kutu hata chembe. Miaka sita katika baridi yetu hii ya Uasin Gishu, na bati limebaki jeupe kama siku lilipotoka dukani.

Alhamisi nilimchukua Bwana mpaka Burnt Forest na kurudi. Gari haikukohoa hata mara moja.

Akaniuliza habari za mkaa. Nikamwambia haukuwa mkaa, ulikuwa uchafu wa petroli iliyokauka, na kwamba mimi ndiye nilikosea kukubali haraka kuwa ni mkaa. Yale maneno ya ng'ombe nikasema niliyaelewa vibaya kwa kuwa nilikuwa bado mdogo, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Akanitazama sana. Akasema fundi asiyejua mkaa na uchafu hafai kushika gari yake tena. Akaliandika katika kipande changu, na nikashukuru kwa heshima zote. Mbele yangu akaandika barua kwa chifu wako uachiliwe. Bado ananiangalia kwa jicho la pembeni, lakini gari inakwenda na hilo ndilo alilotaka.

Karatasi yako hakuiona. Nimeichoma, pamoja na ile ya mwalimu. Ufunguo niliuchukua kwa Jeruto Jumapili, na kesho yake nikauingiza chini ya kiti cha dereva. Bwana ameupata mwenyewe. Kwa kuwa kufuli lile hujifunga lenyewe ukilibana, anaamini ulikuwa humo tangu 1940, na anamcheka nyapara kwa kushindwa kuutafuta.

Nilipofika kwa Jeruto alinikaribisha kama mgeni, mimi niliyemfanya aache ndoo yake. Alinimiminia maziwa kutoka kibuyuni. Yalikuwa na rangi ya majivu, na chembe ndogo nyeusi zikielea. Ndipo nikakumbuka kikombe ulichoniambia nikoroge. Ulikwisha kujua, Mjomba. Ulijua tangu barua yangu ya pili, na ulikuwa unatafuta uhakika tu. Nilikunywa yote nikitazama chini.

Kisha akaniuliza, "Ni ile miezi miwili, sivyo?" Nikisema ndiyo, nitamwachia mzigo usio wake. Nikimwambia ukweli, miaka sita yote inageuka kuwa kosa. Nilimwambia nitamuuliza fundi aliyenifundisha. Nimjibu nini?

Nisamehe, Mjomba. Naandika hilo peke yake ili lisipotee kati ya mengine. Nisamehe.

Mpwa wako, ukinikubali,
Joseph


Kimilili,
3 Aprili 1946

Joseph,

Niliachiliwa Ijumaa. Siku kumi na nane nimelala kambini kwa chifu, nikipalilia bustani yake. Mahindi yake hayakupandwa kwa mstari, nikamwambia, hakupenda. Koti langu limepoteza kifungo kimoja. Barua yako Mama Selpha alinisomea mara mbili, ya pili kwa kupenda kwake.

Umenisimulia vizuri ulivyoosha tangi. Mara kumi na moja ni sawasawa, mimi ningefanya kumi na mbili.

Unaomba nikusamehe. Acha kwanza nikuambie linalouma. Jeruto nilimpa neno moja, tena kwa haraka, mguu mmoja uko njiani. Nilipaswa kujua kwamba ukimtajia maziwa mtu anayejua maziwa, atakuchukua kwa ulivyosema. Kosa la gari ni langu. Lakini yeye alilishika neno hilo moja karibu miaka sita bila kuja kuniuliza kama nilikuwa namdanganya. Wewe nilikupa maneno ya miaka tisa, na barua tatu zilitosha kukufanya unione mtu wa hila. Nililala pale kambini nikilihesabu hilo, si viroboto.

Njoo Pasaka. Kuna kuku, na Mama Selpha ana maneno yake ya kukuambia, utayasikiliza yote umesimama. Hasira yangu haijaisha. Ikiisha nitakuambia, usiniulize kila siku.

Sasa kuhusu Jeruto. Mwambie ile miezi miwili haikuharibu kitu. Mwambie fundi mkubwa amelitazama tangi kwa tochi, na halikuwa na kutu hata chembe, kwa sababu ya mikono yake. Hilo si uongo, wewe mwenyewe umeliona. Usimwambie zaidi ya hapo.

Mjomba wako bado,
Jackson Murunga